Mdomo wa Kuazima

Soko la Tandale lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Zuena, mwenye kibanda cha simu kando ya wauza mchele, alisikia pete ikigonga meza yake: ko, ko, ko.

"Karibu, kaka. Unapiga wapi?"

Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, leso ya bluu shingoni. Alichezesha midomo, sauti haikutoka. Zuena akamtambua. Mudathir! Yule aliyenadi mitumba hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Saratani ya koo ilikuwa imetolewa huko Moshi, na sauti ikaenda nayo. Sasa daktari alitaka apige simu kila Ijumaa badala ya kusafiri.

*Niazime mdomo,* aliomba kwa midomo na vidole.

Tangu hapo Daktari Ansbert aliuliza kwa spika ya simu, Mudathir akachezesha midomo, Zuena akasema.

"Dada, ameridhika na matibabu haya ya simu?"

*Sana. Daktari simwoni, wewe nakuona.*

"Anasema sana," Zuena alijibu, akajifunika uso kwa kanga. Simu ilipokatika akamgeukia. "Utanitia aibu mie! Bora huna sauti."

Mudathir alicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika.

Ijumaa moja Zuena alimpa chai, akamwona anakunja uso kumeza. Chini ya leso palikuwa pamevimba.

"Ana maumivu?" daktari aliuliza.

Mudathir akatikisa kichwa.

"Anasema hana," Zuena alisema. "Lakini anadanganya, daktari. Hata chai haipiti, na shingo imevimba."

"Aje haraka."

Mudathir alisimama, macho yamewaka. *Niliazima mdomo. Macho nani kakwambia uyatumie?*

"Kasirika, mpenzi, lakini nenda."

Aliondoka bila kuaga.

Ijumaa zikapita. Zuena alivaa gauni lake la maua, akapaka wanja, akafuta kiti cha mteja asiyekuja. Watu waliwapigia simu kwa kelele ndugu zao wa Tabora na Mwanza, wakacheka, wakaenda zao. Yeye alibaki na mkonga wa simu uliojaa joto la mikono ya wengine.

Kisha simu ikalia.

"Haloo? Haloo?"

Kimya.

"Kata, shoga, wahuni hao," alisema Munira, muuza vitumbua wa jirani.

Ko, ko, ko. Pete juu ya mkonga.

Zuena alikaa chini. "Gonga moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Umelazwa?"

Ko.

"Bado una hasira nami?"

Ko, ko.

"Unaumwa?"

Zuena alisikia pumzi nzito za Mudathir zikipita kwenye tundu la shingoni mwake. Kisha: ko.

"Na daktari umemwambia?"

Ko.

Wanja ukamteremka mashavuni. Upande wa pili pete ikagonga tena, taratibu, ko, ko, ko, kama siku ile ya kwanza.

"Karibu," Zuena alinong'ona. "Karibu, mume wangu."

Laini ikakatika. Hakuuweka mkonga chini.

"Mume? Nani huyo?" Munira aliuliza.

"Kabisha hodi," Zuena alisema. "Bado hajaingia."