Hodi ya Mkahawani

Haya yalimkuta shoga yangu, mshonaji, katika mkahawa wa jirani anakopenda kutulia na kuandika.

"Leo unamsengenya nani?" mwenye mkahawa alimtania akimwekea kahawa.

"Marehemu mume wangu. Kesho nitawaambia ndugu zake kweli tupu, alikufaje."

Wingu likatanda, umeme ukakatika. Kutoka stoo ya nyuma sauti ikasema, taratibu, "Hodi."

Akili yake ilikuwa kwenye sentensi, ulimi ukajibu wenyewe, "Karibu."

Kiti cha mbele yake kikaburutwa.

"Dada," mwenye mkahawa akanong'ona kutoka kaunta, "umemkaribisha nani? Stoo ina kufuli."

Chini ya meza mguu ukamkanyaga polepole, kama mumewe alivyozoea mbele za watu, alipotaka anyamaze.