Ujumbe Nilioutuma Uliua Ng'ombe wa Mahari Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na mitatu. Nimezaliwa Kisegi, kule Homa Bay, kwa familia ya wavuvi, na shule niliachia kidato cha pili karo ilipowashinda wazazi. Lakini msinionee huruma bado! Mimi nilikuwa mtu wa kucheka. Mama alizoea kuniambia, "Atieno, binti yangu, wewe utacheka hata matangani."

Siku hizi sicheki...

Nilipoacha shule nilikuja Migori kwa shangazi, nikapata kazi kwenye saiba moja, duka dogo la kompyuta na intaneti sokoni, upande wa kuelekea mpakani. Mwenye saiba tulimwita Madam. Ndiye aliyenifundisha kompyuta, na mimi nikaipenda kama mtu anavyopenda mtoto. Ndoto yangu ilikuwa kufungua saiba yangu mwenyewe Kisegi, niipake rangi ya samawati, nifundishe wasichana walioacha shule kama mimi. Nilikuwa nishachagua hata mahali pa kuweka benchi!

Kazi yangu kubwa ilikuwa hii. Watu walileta faili zilizopangwa vizuri, zenye safu, majedwali na mapambo. Tangazo la chanjo, ratiba ya mazishi, barua ya chifu. Sasa huku kwetu wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na kabambe haifungui PDF. Kwa hivyo mimi nilitoa maneno peke yake, nikayafanya maandishi matupu, kisha nikayatuma kama ujumbe mfupi kwa watu wa kikundi kinachohusika. Mzee aliye malishoni akasoma palepale. Niliona raha sana!

Madam alikuwa na sheria moja. Jedwali likishageuzwa, lazima lipitiwe na watu wawili. Mmoja anashika karatasi ya asili na kusoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole kwenye kioo. Alisema, "Kompyuta haijui mbwa ni nani na ng'ombe ni nani. Inaokota tu kama kuku anavyookota mahindi."

Nilimsikia. Lakini kusikia si kushika...

Hapo ndipo Marwa alipoingia maishani mwangu. Kijana wa Kikuria, mfugaji, mrefu, mpole. Alikuja siku moja kuchapisha barua, na kesho yake akarudi bila barua yoyote. Aliniita Madam Kompyuta. Nilipomuuliza leo anataka nini, alisema anataka kujua kama kompyuta yangu inaweza kupika ugali. Wueh! Nilikwisha.

Familia zilikubaliana. Ng'ombe wanane wangetoka kwao waende hadi kwetu Kisegi. Wanane! Baba yangu, aliyeishi kwa nyavu na dagaa wa omena, hakuwahi kumiliki hata ndama.

Wiki ya kuwapeleka ilipofika, daktari wa mifugo alituachia karatasi ya dawa mpya ya kupe, pamoja na faili yake, ili tuwatumie wafugaji, kisha akasafiri kwenda mafunzo. Madam naye alikuwa ameenda mazishini. Nikabaki peke yangu, simu sikioni, Marwa akinieleza nani atavaa nini siku ya mahari.

Karatasi ilikuwa na jedwali lenye vichwa vitatu: mbwa, ng'ombe, kuta za banda. Chini ya mbwa hapakuwa na kitu, maana dawa ile haifai mbwa kabisa. Ng'ombe, mililita mbili kwa lita ya maji. Kuta, mililita ishirini.

Nilipoigeuza, ile nafasi tupu ikapotea, na namba zikasogea! Mbwa wakapata mbili, ng'ombe wakapata ishirini, kuta zikabaki bila namba. Mimi niliona kuta hazina kitu, nikafikiri labda aliyeandika alisahau. Basi nikalifuta neno kuta, nikatuma. Karatasi ilikuwa hapo mezani, chini ya kiwiko changu...

Mngesema hilo ni kosa tu la mtu mwenye haraka. Ningekubali. Lakini jioni ileile simu ya saiba ililia.

Alikuwa Mzee Chacha, baba mdogo wake Marwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapulizia dawa ng'ombe wa boma lile miaka yote.

"Binti yangu, hii ishirini mmeandika ni ya kweli? Mimi naona itawachoma."

Nikacheka! Nikamwambia, "Mzee, hii ni dawa mpya, si zile zenu za zamani. Fuata ujumbe."

Kisha akasema, "Haya. Nyinyi ndio mmesoma."

Mimi, wa kidato cha pili! Ningeshusha macho tu niangalie karatasi... Kwa nini sikushusha macho?

Kesho yake asubuhi aliwapulizia wale wanane, wafike kwa wakwe bila kupe. Kufikia saa sita walikuwa wanatoa povu na kutetemeka. Kufikia jioni watano walikuwa wamelala wasiamke. Wa sita alifuata siku ya pili.

Niliposikia, nilikimbilia ile karatasi. Nikaisoma. Nikakaa sakafuni.

Marwa alikuja macho mekundu. Alisema baba yake mdogo anadai alitupigia simu kuuliza kipimo. Je, alipiga?

Wasomaji, hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilimwangalia mtu niliyempenda, nikawaza harusi, nikawaza baba yangu... na mdomo wangu ukasema, "Hakupiga. Na ujumbe ulikuwa sawa. Labda alipima vibaya."

Akanikumbatia. Akasema, "Nilijua."

Wazee walipoketi, aliniweka kwenye spika ya simu, nikarudia uongo uleule mbele yao wote. Nilimsikia Mzee Chacha kwa mbali akisema, "Huyu mtoto tuliongea naye! Alicheka!" Mwingine akamjibu kwamba tangu agombane na kaka yake, baba wa Marwa, juu ya malisho, alikuwa akimwonea wivu. Kwamba kama ishirini ilikuwa sawa, basi kuna kitu aliongeza. Wakamfukuza kwenye boma alimozaliwa. Alivuka mpaka kwenda kwa binti yake aliyeolewa Tanzania.

Nami? Nilikuwa na hofu nyingine. Ujumbe ule ulikuwa bado kwenye simu za wafugaji wengi! Nikatuma mwingine kimyakimya: toleo jipya, ng'ombe mililita mbili. Sikuomba radhi. Sikueleza. Nilidhani nimeziba shimo.

Wiki chache baadaye, siku ya soko, mama mmoja muuza maziwa alizisoma jumbe zote mbili kwa sauti. "Kwanza ishirini, kisha mbili! Hawa wa saiba wanapima dawa ama wanapima chumvi ya mboga?" Watu wakacheka. Marwa alikuwa hapo. Yeye hakucheka.

Alikuja moja kwa moja, akaomba karatasi ya daktari. Madam akaitoa, akasoma kwa sauti, Marwa akifuata kwa kidole kwenye simu yake. Walipofika kwa ng'ombe, kidole kilisimama.

Akauliza bila kuniangalia, "Na simu?"

Nikasema, "Alipiga."

Saa ileile Marwa alivuka mpaka kumrudisha mzee nyumbani. Alikuta kaburi la siku nne. Binti yake alimweleza kwamba mzee aliacha kula. Alikaa tu mlangoni akimwambia kila mpita njia, "Niliuliza, jameni. Mimi niliuliza." Mzee mwenye boma lake alizikwa kwenye shamba la wakwe wa binti yake!

Marwa aliporudi hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Ng'ombe ningekusamehe, Atieno." Akaondoka. Sijamwona tena.

Madam hakunifukuza, niliondoka mwenyewe. Niko Kisegi naanika omena na mama. Nyuma ya nyumba kuna boma ambalo baba alilizungushia miti akingoja ng'ombe. Hajalibomoa, wala hajaniuliza. Nilimwandikia binti ya mzee barua ya kuomba msamaha. Hajajibu, na sina haki ya kumlaumu.

Ndugu zangu, hasa vijana wenzangu mnaokaa mbele ya kompyuta, mashine ikipoteza kitu haitakwambia. Soma karatasi, na mtu mwingine awe kando yako. Lakini hilo ndilo dogo. Kosa langu la kwanza liliua ng'ombe. Uongo wangu ndio uliomuua mtu. Ukikosea, tafadhali, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama harusi itavunjika. Yangu ilivunjika vilevile... na Mzee Chacha hakuusikia ukweli.