Namna Jina la Keren Lilifutwa

Ndugu zangu wa Butembo na wa Beni, mukae kidogo, niko na neno. Siyo neno la kufurahisha, lakini litatusaidia kama tunapenda kusaidiwa.

Mutu akipita kwa Papa Gamaliel siku ya Mungu, nyuma ya ibada, angekuta nyumba yenye amani. Mama Agar anasonga bugali, mboga ya sombe inachemuka kwa makaa, na Papa Gamaliel, prefe, ni kusema mukubwa wa shule moja ya kwetu, anasoma na lunettes zake kwenye ncha ya pua. Ungesema, hawa wamebarikiwa. Lakini kila mara pikipiki iliposimama kwa mulango, Mama Agar aliacha kijiko na kuinua kichwa. Alikuwa anangoya mutoto wake Keren, mutoto wao mumoja tu.

Keren alikuwa mwalimu kwenye shule ya baba yake. Wakati wa vita, watoto waliokimbia kutoka upande wa Mabalako walifika huku, na shule ikawafukuza juu walikosa minerval, feza ya masomo. Keren akarekodi masomo yake kwa telefone na kuwapatia bure, bila kuomba ruhusa. Wazazi wenye kulipa wakanungunika, na Papa Gamaliel akakasirika sana.

"Umenipatisha haya mbele ya wazazi," alimuambia. "Toka. Utarudia siku nitakuita mimi mwenyewe."

Keren akaenda kuishi Beni. Na munajua desturi yetu: mutoto aliyefukuzwa kwa kinywa cha baba, mama hawezi kumurudisha. Anaweza kumupigia, anaweza kulia kwa telefone, lakini kumufungulia mulango, hapana. Tena akienda kumutembelea, watu watasema amevunja nyumba. Mama Agar aliheshimu hiyo desturi. Uchungu wa mwana anaujua mzazi, na ule mama alikonda tukimuangalia.

Basi kukatangazwa mukutano mukubwa hapa Butembo, juu ya elimu ya wazi. Maana yake, masomo na vitabu ambavyo kila mutu anaweza kuchukua, kunakili na kugawia wengine bila kulipa. Ni jambo lile lile Keren alifukuziwa! Na prezida wa kamati akachaguliwa nani? Papa Gamaliel, juu ya mvi zake na Kifaransa chake kizuri. Mimi Mariette nilikuwa mwandishi wa kamati.

Tulikaa kwenye chumba cha kanisa kuchagua wasemaji wakubwa. Mwalimu Lusenge akasimama.

"Président, kuko mutu mumoja ku Beni. Batoto ba bakimbizi banasikilizaka masomo yake mupaka Mabalako. Ni Keren. Tumupatie neno ya kwanza."

Mikono yote ikainuka, isipokuwa mukono wa baba yake. Nilienda mbio kumuambia Mama Agar.

"Na mualiko, ni nani atamutumia?" akaniuliza.

"Ni prezida. Ni kazi yake."

"Basi ni yeye atamuita," akasema, na machozi yakamutoka. Siku ile ile alifua mashuka ya kitanda cha Keren na kuyaanika kwenye jua.

Lakini kwa kikao kilichofuata, Papa Gamaliel akasema: "Nimefuta jina ya Keren. Batu batasema nimechagula damu yangu. Mimi sipendi undugu ndani ya kazi."

Pahali pake aliweka profesa mumoja wa Kinshasa mwenye vyeo virefu kuliko jina lake.

"Président," nikamuambia, "hapana weye ulimuchagula. Ni siye."

"Mama Mariette, andika."

Sasa niwaambie wazi. Hakuogopa undugu. Aliogopa kuona watu wanamupigia Keren makofi juu ya jambo ambalo yeye alimufukuzia. Kiburi kilivaa nguo ya haki, na mimi nikaandika.

Jioni ya kuamkia mukutano, profesa akatuma ujumbe kwamba hatakuja. Nilikuwa kwao, nimeleta programu, wakati Papa Gamaliel alipiga telefone, akaweka sauti ya juu. Mama Agar alikamata mukono wa shati la bwana yake.

"Keren, ni papa."

"Ndiyo, papa. Nakusikia."

"Orateur wetu, ule musemaji mukubwa, amekosa kuja. Tunakuomba kesho utusaidie."

"Papa, unaniita mimi, ao unaita orateur?"

Neno moja tu lilihitajika: "Wewe." Lakini aliniangalia mimi, mugeni, akaona haya, akasema: "Programu iko na nafasi, Keren."

"Basi mutafute mutu wa kujaza nafasi. Mimi ningali nangoya baba yangu. Unisalimie mama."

Mukutano ulifanyika. Wakubwa walisalimiana na kusifiana mupaka saa za chakula. Juu ya watoto wa Mabalako, hakuna aliyesema kitu.

Kesho yake Mama Agar alibeba kifuko chake.

"Unaenda wapi?" bwana yake akauliza.

"Ku Beni, kwa mutoto wangu. Nilingoya kinywa chako, Papa Keren, mupaka nikachoka."

"Na batu batasema nini?"

Mama Agar akapanda taxi, na mupaka leo hajarudia.

Juma lililopita Papa Gamaliel alinisimamisha mbele ya kanisa. Alikuwa amezeeka. "Mama Mariette," akasema polepole, "ukiongea na Agar, umuulize kama Keren anasemaka kitu juu yangu."

"Nambari yake uko nayo, Papa."

Akatoa telefone, akaiangalia kwa muda murefu, akairudisha kwa mufuko.

FUNDISHO

Muzazi, kama ulimufukuza mutoto kwa kinywa chako, umuite kwa kinywa chako, na umuite juu ni mutoto wako, hapana juu ya kazi unamutafutia. Kuogopa maneno ya watu siyo haki. Watu watasema siku mbili, kisha wataenda kwao, na wewe utabaki na nyumba yako. Na sisi tunaochagua wa kusimama mbele ya wengine, tusitafute vyeo vya mbali na kumupita mutu wa kwetu ambaye tumeona matendo yake. Mwenye kuwa na mutoto mbali, asingoje mukutano. Amupigie leo.