Sina Mtoto

Jioni ile chumbani, Old Kampala, walikuwepo Kahambu, mwanawe Guerschom ambaye alikuwa hajaanza kutambaa, jirani yao Nerima, na Vera, wakala wa ajira kutoka Nakawa. Hao tu. Kiti kimoja cha plastiki kilikuwa kitupu. Vera alikiweka katikati, akasema huyo ndiye mwajiri, wafanye mazoezi ya usaili.

Vera hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemletea Kahambu blauzi yake mwenyewe, tena ameipiga pasi. Lakini wote wawili walikuwa wamechoka. Kila hoteli aliyompeleka ilimsifu Kahambu, kisha ikauliza habari za nyumbani, na ikisikia ananyonyesha haikupiga simu tena. Kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, hakuwa na wa kumrudia, na watu wa kanisa walikwisha kumlisha hadi akaona haya kuwatazama.

"Safari hii sema huna mtoto," Vera alimwambia. "Lisikukwame. Kitazame kiti."

Adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza mlimani. Nerima akawaomba wangoje kidogo. Kwao Busia, alisema, saa hiyo mtu hatamki neno asilotaka lichukuliwe. Vera akacheka, akasema kama majini nayo yanatafuta wafanyakazi, yamletee hizo nafasi.

Kahambu akakitazama kiti.

"Sina mtoto."

Kiti kikatoa mlio, kama mtu aliyekikalia muda mrefu anajiweka sawa. Chumba kikanuka maziwa yaliyoungua, na jiko halikuwa limewashwa.

Kesho yake alilisema neno lile hotelini, na usaili akaufaulu. Angeanza Jumatatu. Aliporudi kutoka hotelini alimkuta chumbani Guerschom, aliyemwachia Nerima, ameogeshwa, amepakwa mafuta, nepi zake zimekunjwa vizuri. Akaenda kwa Nerima kumshukuru.

"Nilidhani ni wewe," Nerima akasema polepole. "Nilitoka kuanua nguo, nikasikia unamwimbia. Nikasema niwaache."

Wakayanusa yale mafuta. Maziwa yaliyoungua.

Tangu hapo mtoto akakataa ziwa, na kila giza lilipoanza kuingia aligeuza uso kukielekea kile kiti, ambacho Kahambu alikitoa nje akakikuta ndani, akakitoa tena akakikuta kando ya kitanda, na Guerschom akanyoosha mkono, akafumba vidole kama aliyeshika kidole cha mtu, akacheka, na mama yake alipomwinua alikuwa mzito, mzito kama mtoto anayevutwa na mwingine upande wa pili, na sauti ya kike, ya upole kabisa, ikasema karibu na sikio lake: "Wewe huna mtoto. Nenda kazini."

Nerima akamwita Shekhe Abdul-Latif wa uchochoro wa chini. Shekhe hakuuliza wanasali wapi. Alivua viatu, akauliza kwa sauti ndogo ni neno gani lilisemwa humo saa ya Magharibi. Wakamweleza.

"Umemkana mbele ya asiye na mtoto wake," akasema. "Mimi nitasoma. Lakini neno ni lako, na kila ulikolisema ukalirudishe."

"Hata hotelini, Shekhe?"

"Hata hotelini, mwanangu."

Akasoma hadi sauti ikamkauka. Kahambu akasimama mbele ya kiti, akasema huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Kiti kikapasuka katikati, na kitu kikawapita kuelekea mlangoni, kama mwanamke anayeburura vazi refu, akilia. Kahambu akamwonea huruma hata katika hofu ile. Lakini Guerschom bado hakunyonya.

Akampigia Vera, akamwambia anarudi hotelini kusema kweli.

"Dada, unajua nimewabembeleza wale watu namna gani?"

"Najua."

"Mimi pia nimechoka, Kahambu." Kisha akashusha pumzi. "Ningoje pale getini. Usiingie peke yako."

Jumatatu asubuhi Kahambu alisimama mbele ya meneja, Guerschom mgongoni, Vera pembeni yake. Akasema alidanganya, huyu ni mwanawe, na kazi bado anaitaka. Meneja hakugomba. Alitikisa kichwa tu, akawaonyesha mlango.

Hawakuwa wamemaliza kushuka ngazi Guerschom alipoanza kulia kwa njaa. Kahambu akaketi palepale, Vera akamkinga kwa kitenge, na mtoto akanyonya kwa pupa hadi akakohoa.

Kazi ile alipewa mtu mwingine kabla ya saa sita.