Aliyeomba Kupishwa Mnarani

Ghislaine Tonnelier alikuwa jirani yetu, tumepakana ukuta, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupandisha wageni kwenye minara ya kanisa kuu la mji wetu. Magoti yalikuwa yamechoka, ulimi bado. Alhamisi ile ya Novemba alikuwa na haraka kuliko kawaida. Binti yake Coralie alikuwa kazini, kwa hiyo yeye ndiye wa kumchukua mjukuu, Anouk wa miaka sita, shuleni saa kumi na nusu. Mkate wa chokoleti wa mtoto ulikuwa tayari mfukoni mwa koti.

"Mama Ghislaine, leo unawaswaga wageni kama mbuzi," Bastien, bawabu wa mlango wa chini, alimtania. "Umepata mchumba?"

"Nimepata, ana miaka sita na hana meno mawili. Wewe kaa tayari na ufunguo."

Kupanda ni mnara wa kaskazini, kushuka ni wa kusini. Ngazi zake zinajizungusha, nyembamba, watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageukie ukuta na kubana pumzi. Kamba nene imefungwa toka juu hadi chini, ndiyo ya kushikilia. Anayepandisha wageni hushuka wa mwisho. Kwanza huzunguka roshani yote ya juu inayounganisha minara, akichungulia nyuma ya kila sanamu, ndipo hupaza sauti ngazini: "Nyuma hakuna mtu!" Bastien akisikia hivyo, humngoja atoke, kisha hufunga.

Siku ile mvua iliwafukuza wageni mapema. Saa kumi na robo Ghislaine aliitazama roshani iliyolowa, akaitazama saa yake. Hakuizunguka. Nani angekaa kwenye mvua ile? Akaingia ngazini na kuita, "Nyuma hakuna mtu!"

Alikuwa ameshuka ngazi kama hamsini aliposikia nyayo juu yake.

Hakuogopa, alijilaumu tu kwa kumsahau mgeni. "Njoo taratibu, panateleza," alisema bila kugeuka. Zilikuwa nyayo za mtu asiye na viatu. Akisimama, zinasimama. Akitembea, zinatembea. Harufu ya jiwe bichi ikamfikia shingoni.

"Nipishe," sauti ilinong'ona.

Laiti angekataa. Lakini miaka kumi na tisa ya kupisha watu si mchezo, mwili hutii kabla ya akili. Aligeukia ukuta, akabana pumzi.

"Pita."

Kitu kilipita. Kilichukua muda mrefu mno kupita. Hakuguswa, ila mgongo wote ulikufa ganzi. Kisha kamba ikakazika mkononi mwake. Mtu alikuwa ameishika huko chini.

Halafu, kutoka chini, akasikia sauti yake mwenyewe.

"Nyuma hakuna mtu, Bastien. Funga."

"Haya, mama. Msalimie mchumba."

Ufunguo ukazunguka.

Ghislaine alifungua kinywa kupiga kelele. Sauti haikutoka. Alishuka mbio. Ngazi za mnara ule ni mia tatu na sita, alizijua hata akiwa usingizini. Akahesabu mia tatu na sita. Hakuna mlango. Mia nne. Mia tano. Kila mzunguko dirisha lile lile, na nje paa lile lile la duka la mikate. Simu alikuwa ameiacha kwenye kibanda cha mlangoni. Akapanda kurudi. Juu nako hakufika.

Hakujihurumia mwenyewe. Aliwaza geti la shule, na mwalimu ambaye hamkabidhi mtoto ila kwa sura anayoijua. Sura hiyo sasa ilikuwa njiani. Akakaa kwenye jiwe akalia, akiomba kitu kimoja tu, Anouk asimpe yule mkono.

Saa kumi na mbili, mtunza kanisa alisikia mlango ukikwaruzwa kwa ndani. Alipofungua alimkuta Ghislaine kwenye ngazi ya chini kabisa, kucha zinavuja damu. Hakungoja kuulizwa. Alimsukuma, akakimbia mvuani mpaka kwa Coralie.

Coralie alifungua mlango, kitambaa cha vyombo begani. "Mama? Umesahau nini?"

"Anouk yuko wapi?"

"Amelala. Si umemleta mwenyewe? Narudi kutoka kazini saa kumi na moja kasoro kumi, nawakuta mmesimama hapa mlangoni. Hata kuingia hukutaka."

Ghislaine alimpita, akaenda chumbani. Mtoto alikuwa kitandani na koti lake, anapumua vizuri, mikono ina joto. Bibi alipiga magoti kwa furaha, akambusu kwenye paji la uso.

"Bibi," Anouk alinong'ona, macho yamefumba, "zimebaki ngazi ngapi?"

"Alisema miguu inamuuma," Coralie alisema kwa sauti ya chini. "Hata viatu hakutaka kuvuliwa."

Shule ile iko mitaa mitatu tu kutoka pale, njia yote ni tambarare. Viatu vilikuwa vipya, vimenunuliwa Jumamosi. Ghislaine alivifungua kamba polepole, akavigeuza chini ya taa. Soli zote mbili zilikuwa zimelika mpaka kwenye soksi, na soksi zimelika mpaka kwenye ngozi.