Dawa Tatu za Mafua

Wenzake walimwita Honi, kwa sababu hakujua kusema taratibu. Alikuwa dereva wa lori. Siku hiyo alitakiwa kuondoka saa nane mchana na shehena ya mabati. Mke wake na mtoto wao wa miaka miwili wangepanda naye, wakamsalimie dada yake Honi.

Lakini Honi aliamka na mafua. Pua inachuruzika, kichwa kinagonga, sauti imekauka.

"Leo honi imeharibika," mke wake alisema. Akampa vidonge viwili vyeupe vya maumivu, kisha akaenda sokoni na mtoto.

Nyuma akaingia mama mkwe, anayeishi chumba cha pili.

"Mwanangu, utaendeshaje na mafua hayo?" Akampimia dawa ya maji, vijiko viwili. Honi aliona vibaya kumkatalia mkwe. Akanywa.

Saa tano akapita shemeji yake, fundi rangi.

"Shemeji, dume zima unaangushwa na kamasi?" Akacheka, akamwachia vidonge vya rangi mbili. "Meza viwili. Hivi havina mchezo."

Honi akameza.

Wote walimpenda. Hakuna aliyeuliza mwenzake amempa nini, na Honi naye hakusema. Kosa lilikuwa hapo.

Saa sita mke alirudi. Alimkuta Honi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amelala amekaa. Alimtikisa mara tatu.

"Niko macho," Honi alisema, macho ameyafumba.

Mezani kulikuwa na dawa za aina tatu. Mke alijifunza kusoma mwaka jana tu, darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi. Kwenye boksi aliona neno moja refu. Kwenye chupa, neno lilelile. Kwenye pakiti ya vidonge vya shemeji, lilelile tena. Akazibeba zote hadi kwa jirani yao, muuza dawa.

"Amekunywa zote hizi?" muuza dawa aliuliza. "Kiasi gani?"

Mke alimweleza.

"Neno uliloliona ni parasetamoli. Inatuliza maumivu na homa. Majina ya nje ni matatu, dawa ya ndani ni moja. Mumeo amerudia dozi bila kujua."

"Si atapona haraka zaidi?"

"Hapana. Mafua huisha yenyewe baada ya siku chache. Dawa hii ikizidi sana inaharibu ini, na mtu hasikii kitu mapema. Leo hajafika huko, ila asiguse tena yenye neno hili hadi kesho. Akitapika au tumbo likimuuma, msingoje. Nendeni hospitali."

"Na usingizi huu?"

"Hii ya maji na hivi vya rangi mbili vina dawa ya kukausha kamasi. Inasinzisha. Soma hapa."

Mke akasoma: usiendeshe gari.

"Anywe maji, apumzike," muuza dawa alisema. "Asishike usukani leo."

Mke aliporudi nyumbani na kumweleza, Honi hakufurahi. "Bosi atampa mtu mwingine lori."

"Ampe."

"Na kazi yangu?"

"Kazi utatafuta nyingine. Mimi simpakati mwanangu kwenye lori la mtu anayesinzia."

Honi akampigia bosi simu. Hakuficha kitu.

"Unaniambia kabla ya kugonga au baada?" bosi aliuliza.

"Kabla, bosi."

"Basi lala. Mabati hayaozi. Utaondoka kesho saa mbili asubuhi."

Honi alikunywa maji, akalala mpaka asubuhi. Aliamka pua bado inachuruzika, lakini kichwa chepesi. Muuza dawa alimtazama, akamwambia sasa anaweza kwenda.

Kabla hawajatoka, mke aliweka dawa zote za nyumba kwenye kopo moja. Akamwambia mama yake na kaka yake, "Anayetaka kumpa mtu dawa aniulize kwanza. Nitaandika nani amekunywa nini, saa ngapi."

"Daktari amehamia kwetu," shemeji alisema. Lakini alivitoa vidonge vilivyobaki mfukoni, akavitia koponi.

Mchana huo lori lilishuka mlima mrefu wenye kona nyingi. Ndani watu wawili walikuwa wamelala. Dereva hakuwa mmoja wao.