Kwetu Hapatajwi Usiku

Pwaa!

Ndoo ilianguka kizani, mlangoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kwenye tanuru la matofali, nimekaa, hata viatu sijavua. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Nilidhani dada yangu ameteleza tu na maji yake ya jioni, nikasema kwa uvivu, "Pole."

Nikasikia mguno tu.

Nilipotoka na taa nilimkuta ameketi kwenye tope, ameshika tumbo lake la miezi minane. Maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu.

Mimi na bibi, mzaa mama, tulimwingiza ndani. Hospitali iko mbali, njia ni mawe matupu, na mabega yangu yasingemfikisha. Nikapigia simu gari la wagonjwa. Dereva alikuwa tayari yuko barabarani, akauliza swali ambalo kila dereva huuliza.

"Mko wapi?"

Nikamtazama bibi.

Kijiji chetu, nyumba chache tu zilizosogeleana, kina jina la mtu wa kwanza kukaa hapa. Alifyeka pori peke yake, kisha akawaita wengine. Walipokuja akawagawia viwanja, akawasaidia kuezeka. Lakini usiku alipozidiwa na homa, alipita mlango hadi mlango, akiomba alale kwa mtu, asife peke yake. Watu walikuwa wamechoka na kazi. Walimsikia. Wakajifunika.

Hakuna aliyefungua, akafia nje.

Mchana tunalitaja jina lake bila wasiwasi, hata utani tunalifanyia. Jua likizama, tunasema "hapa kwetu", basi. Seremala mmoja aliwahi kulitaja usiku, kalewa. Asubuhi tulikuta mlango wake wazi na vumbi la safari sakafuni. Yeye hajaonekana mpaka leo.

"Ukivuka daraja," nilimwambia dereva, "shika kushoto, halafu..."

"Kaka, nimeshavuka. Kushoto kuna njia tatu, zote giza. Nipe jina la mahali."

"Ni... hapa kwetu."

"Hapa kwenu! Hata mbuzi jioni anajua anakorudi, wewe unashindwaje?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Haya, niandikie ujumbe. Nitasimama niusome."

Nikaandika herufi ya kwanza.

Nje, mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu, cha mtu aliyetembea sana. Kisha harufu ikapenya chini ya mlango... udongo mbichi, jasho la siku nyingi. Nikaifuta ile herufi.

"Bibi, umesikia?" nilinong'ona.

"Namsikia miaka yote, mume wangu." Hakugeuka. Alikuwa anabadilisha kitambaa chini ya dada, cha tatu sasa, nacho kilikuwa kimelowa. "Huwa anapumzika hapo kizingitini. Halafu anaendelea."

Leo hakuendelea.

Dada akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Usilitaje, kaka. Nitavumilia."

Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

Nikapiga tena. "Nakusubiri," dereva alisema, safari hii bila kicheko. "Nisipopata jina nageuza, ndugu yangu. Kuna mgonjwa mwingine ananiita."

Nikafungua mdomo. Kiganja cha bibi kikaniziba.

"Wewe kesho una matofali," alisema. "Na huyu ana mtoto wa kulea. Lete hiyo simu."

"Bibi..."

"Lete, bwana! Usinisimamishe, magoti yenyewe haya nimeazimwa."

Nikampa. Alijikokota hadi kitandani kwake, akakung'uta shuka, akalinyoosha pembe zote. Akapanda. Akasogea, akasogea tena, mpaka bega likagusa ukuta, akaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Mlango haukugongwa. Ila kitasa kilishuka kidogo, taratibu, kama mkono umekiegemea.

"Mwanangu," bibi alimwambia dereva, na sauti yake haikuwa na hofu, ilikuwa na uchovu tu. "Sikiliza vizuri, maana sitarudia."

Akautazama mlango.

Akalitaja jina. Lote, pamoja na la baba yake, polepole, kama unavyomkaribisha mtu uliyemchelewesha nje.